Mtaro wa Mama Benta

Wapo watu ambao wakiulizwa wasilolijua huona heri kuongopa kuliko kukiri, utadhani ulimi ukitamka "sijui" utakatwa. Wahenga waliposema kuuliza si ujinga waliwalenga hao, na Oluoch, fundi wa mtaa wa Migosi mjini Kisumu, alikuwa mmoja wao.

Akina mama wauza samaki wa ufuo wa Luanda Kotieno walimpa kazi. Mashine kuukuu ya chumba chao cha baridi ilikuwa na poti za siriali, matundu ya zamani ya kuchomekea waya wa data. Oluoch alitakiwa kuchagua kisanduku cha kuziunganisha na laini mpya ya data, ili kipimo cha baridi kisomeke hadi ofisini mwake Kisumu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu afungue ofisi, na alijua akiivuruga hangepata ya pili.

Dukani, muuzaji Wanjiku alimwekea visanduku viwili mezani. "Kutoka kwa mashine mpaka kwa laini ni mita ngapi? Hiki kidogo waya ukipita mita kumi na tano, kipimo kinakwama."

Oluoch akavitazama visanduku. Hakuwa amepima. Kumpigia simu Mama Benta, mtunzaji wa chumba, aliona ni kujiaibisha.

"Kama kumi hivi, madam. Mimi ni fundi," akajibu, akachukua kile kidogo.

Alikituma kwa Mama Benta akichomeke, na siku ya kwanza mambo yalikwenda shwari. Asubuhi ya pili, skrini ofisini mwake ilionyesha nyuzijoto mbili, zilezile za jana jioni. Saa nne, mbili. Saa sita, mbili. Hapo akashtuka, kwani kipimo kilicho hai hupanda na kushuka; hiki kilikuwa kimekwama. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Saa nane akapiga.

"Mama Benta, tafadhali fungua chumba uangalie."

Mlango ukasikika ukifunguliwa. Kisha, "Yawa! Mashine imezima! Barafu yote ni maji! Si ulituambia tusihangaike kuangalia, utakuwa unaona huko?"

Oluoch alipofika ufuoni, akina mama walikuwa wakitoa mbuta walioharibika kwa makarai. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "hii waya ni mita ngapi?"

"Tisini. Mtaro wake nilichimba mimi, na jembe langu." Mama Benta hakumtazama. "Na simu yangu ilikuwa on, Oluoch. Ungeuliza tu."

Oluoch akakunja mikono ya shati, akajitwika karai la kwanza lililomkabili. Hakika, kuuliza si ujinga.