Jina Moja kwa Daraja la Lwanzi

Sogeeni karibu, wenye masikio na wenye majibu ya haraka. Majibu yawekeni mfukoni kwanza, mtayahitaji mwishoni.

Katika nchi ya Bukelo waliishi watu watatu wenye vipaji ambavyo hakuna aliyeviita vipaji.

Siwema alikuwa karani wa kamati za harusi. Kwa miaka ishirini aliandika nani kachangia nini, akajifunza kwamba ukitaka kuielewa sherehe, keki haikuambii kitu. Tazama wanaoshukuriwa.

Ngwale alikuwa mchanja mifugo mpakani. Alizijua njia za ng'ombe kuliko ng'ombe wenyewe, na viatu vyake vilinuka dawa ya kupe hata siku ya sikukuu.

Tumsifu alikuwa mwandishi katika Taasisi ya Fikra za Ulinzi, jumba la vioo ambamo wasomi huandika ripoti kuhusu majeshi na vita. Ukaidi wake ulikuwa mmoja tu: kila alichoandika, lazima aseme amekitoa wapi na lini. Wenzake walimwita Bwana Tanbihi, na hawakumaanisha sifa.

Sasa, mwenye hadithi ni Bi Nyamizi, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi bungeni. Mwanawe wa pekee, Kasubi, alikuwa askari katika kambi ya Lwanzi, kando ya mto unaoitenga Bukelo na jirani zake. Kasubi alikuwa aoe mwezi ule.

Ijumaa moja taasisi ikatoa ripoti nene yenye jalada la kung'aa. Ilisema watu wa ng'ambo wanajiandaa kushambulia. Picha ya setilaiti ilionyesha malori arobaini na moja ya kijani, yamepanga foleni penye mahandaki mapya. Ushauri ulikuwa kwamba Bukelo ipige kwanza, kabla ya mvua, na inunue upesi magari sitini ya kivita aina ya Imara. Kamati ingepiga kura Jumatatu. Wajumbe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo kura ya kuamua ilikuwa ya mwenyekiti. Na kikosi cha kwanza kuvuka mto kingekuwa cha Kasubi.

Bi Nyamizi aliisoma hadi macho yakamuuma. Aliogopa, na tuseme kweli, aliogopa kama mama kabla ya kuogopa kama mwenyekiti.

Jumamosi asubuhi Siwema akaja na orodha ya harusi ya Kasubi. Akamkuta shoga yake hajagusa chai.

"Kulikoni, shoga? Uso huo si wa mama wa bwana harusi."

Nyamizi akamsukumia ripoti. Siwema, kwa mazoea yake, hakuanza mwanzo. Alifungua ukurasa wa shukrani.

"'Tunaishukuru kwa dhati Kampuni ya Chuma Imara kwa kuufadhili utafiti huu,'" akasoma. "Na hayo magari wanayotuambia tununue yanaitwaje?"

"Imara," Nyamizi akasema polepole.

"Haya. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake."

"Siwema, usiniharakishe. Miaka mitatu iliyopita taasisi hii hii ilituonya juu ya majambazi wa Kiloba. Tukawacheka. Tukazika watu kumi na tisa. Anayefadhiliwa si lazima awe mwongo."

Siwema akaifunga ripoti. Kisha akasema, "Basi usimwite mwongo. Ila kabla ya kumpa kura yako, muulize mtu mwingine ambaye hauzi magari."

Kwa maneno hayo Nyamizi aliisogeza kura kutoka Jumatatu hadi Alhamisi. Magazeti yalimchamba. Wengine waliandika kwamba anamficha mwanawe chini ya kanga. Usiku na mchana maneno hayo yalimchoma, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba ni uongo.

Akampigia Kasubi simu kumuuliza nani huko anaijua ng'ambo ya mto. Kasubi hakufikiri mara mbili. "Ngwale, mama. Mchanja ng'ombe."

Jumanne Ngwale akafika mjini, akakalishwa kwenye kochi la heshima na harufu yake yote. Akaishika picha, akaisogeza karibu na pua. Chini yake palikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa: "Lwanzi ng'ambo. Jumatano ya pili ya mwezi. Siku ya mnada. Silaha hazikuonekana."

Ngwale akacheka hadi akaomba radhi.

"Shikamoo tena, mama. Haya si mahandaki. Ni majosho ya kuogeshea ng'ombe, wameyachimba mwaka huu. Huku mwanzo ng'ombe anatumbukia, huku mwisho anatoka. Handaki gani lina zizi mlangoni? Jumatano ya mnada malori yote ya ng'ombe hupita hapo."

Nyamizi alitamani kumkumbatia. Badala yake akajilazimisha kuuliza, "Unajua, au unadhani?"

Ngwale akaacha kucheka. "Nadhani," akakiri. "Kesho ni Jumatano, mnada upo tena. Nitakwenda kujua."

Akavuka mto kwa miguu, kuelekea kwa watu waliokuwa wamesikia redioni kwamba Bukelo inakuja kuwapiga. Walimweka chini ya ulinzi kwa saa tatu. Mchanja mwenzake wa ng'ambo ndiye aliyemwombea, na jioni Ngwale akarudi, majosho ameyaona kwa macho yake, na mkononi nakala ya daftari la chanjo. Jumatano ya ile picha: malori arobaini na moja, ng'ombe mia nane na sitini. Askari, hakuna.

Alhamisi kura ikapigwa, na Bukelo haikuvuka mto. Wiki ile ile Kasubi akaoa. Bi Nyamizi alicheza ngoma hadi kilemba kikamdondoka, akalia, akacheza tena. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Siwema, akamshukuru Ngwale, na kila mara alihisi kuna mtu mmoja amemsahau.

Akaenda taasisi kuuliza nani aliandika yale maneno madogo. Akaambiwa ni Tumsifu, na hafanyi kazi tena pale. Mkuu wake alikuwa ameyafuta. Tumsifu akayarudisha asubuhi ripoti ilipokuwa inakwenda kiwandani kuchapwa, na kwa hilo akafukuzwa.

Nchi mbili zile zikajenga daraja pale Lwanzi, ng'ombe wapite bila kulowa. Na desturi ya Bukelo ni kwamba daraja hubeba jina moja la mtu aliye hai, na mwenye jina ndiye huvuka wa kwanza. Bi Nyamizi akapewa heshima ya kuchagua.

Watu wakaanza. Wa mjini wakasema, "Ni Siwema! Bila yeye mngepiga kura Jumatatu." Wakajibiwa kwamba Siwema alionyesha nani anavuta ngozi tu, na mvuta ngozi aliwahi kusema kweli kuhusu Kiloba.

Wafugaji wakasema, "Ni Ngwale! Yeye ndiye aliyekwenda kuona." Wakajibiwa kwamba bila siku na mahali chini ya picha, asingejua pa kwenda kutazama.

Walimu wakasema, "Ni Tumsifu! Kapoteza kazi." Mama mmoja wa sokoni akauliza, "Na aliyejua kwamba silaha hazikuonekana, kwa nini alinong'ona kwa herufi za chawa? Si angepiga kelele?" Tumsifu mwenyewe alikuwepo. Aliinamisha kichwa.

Siku ya kufungua daraja Bi Nyamizi alipanda ngazi hadi kwenye kibao cha daraja na kopo la rangi, Kasubi akiishika ngazi chini. Akawatazama wale watatu kwa macho yaliyojaa machozi.

"Ahsanteni," akasema. "Kila mmoja wenu amenirudishia mtoto. Na hiyo ndiyo shida yangu. Siku ile ya picha nilitaka sana yawe majosho. Leo pia kila jina nikilitaja naona uso wa Kasubi. Ngozi naivutia kwangu. Shahidi wa namna hii msimwamini."

Akashuka. Kibao kikabaki kitupu, na ng'ombe wamesimama pande zote mbili, wanasubiri mwenye jina avuke kwanza.

Akageuka akanyoosha brashi ya rangi kwenu nyinyi mnaosikiliza, ambao hamkurudishiwa mtoto wala hamuuzi magari. Haya, yatoeni majibu mifukoni. Wewe ungeandika jina la nani?