Mlima Wenye Mnazi

Wapendwa, pale Tabora palikuwa na bwana mmoja, muuza vitenge sokoni, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtalii. Jina hilo alilipata kwa picha tatu alizotundika sebuleni. Ya kwanza, amesimama mbele ya maghorofa ya Dar es Salaam. Ya pili yuko Ngorongoro, simba wamelala nyuma yake. Ya tatu, kubwa kuliko zote, yuko chini ya Mlima Kilimanjaro, kushoto kwake twiga, kulia kwake mnazi. Mgeni akiingia, kabla hajapewa hata maji ya kunywa, anaonyeshwa picha. "Hapo baridi ilinishika mpaka meno yakagongana," anasema, na mgeni anabaki mdomo wazi.

Sasa niwatobolee siri. Mmewahi kuona mtu akazunguka nchi nzima na shati lile lile, kalamu ile ile mfukoni? Picha zote tatu alipigwa Mwanza, mchana mmoja, ndani ya studio, nyuma yake kuna pazia lililochorwa rangi. Mpiga picha alibadilisha pazia, yeye akabadilisha mkao, basi. Lakini uongo ukiusimulia miaka ishirini unauzoea. Ilifika mahali bwana yule akiitazama ile picha, anasikia baridi kweli.

Mama yake mzazi akaanza kupoteza nuru ya macho. Daktari hakumficha, alisema yataendelea kufifia. Mama akamwita mwanawe, akamwambia, "Mwanangu, kabla giza halijanifunika, nipeleke nikauone mlima ule wa sebuleni kwako. Wewe si unaujua?"

Ungekuwa wewe ungejibuje? Alimpenda mama yake, na jina la Mtalii alilipenda pia. Wakapanda basi, wakalala Arusha, na asubuhi na mapema wakakodi teksi ya kuelekea Moshi. Tiketi za kurudi Tabora zilikuwa za kesho yake alfajiri. Bwana alikaa mbele na picha yake ndani ya bahasha, mama akakaa nyuma.

Walipoipita Boma Ng'ombe, dereva akaegesha pembeni. "Huo hapo, bibi. Leo mna bahati, uko wazi wote. Ikifika saa nne mawingu yataufunika, hapo ni basi tena."

Bwana akashuka. Akautazama mlima, akaitazama picha, akautazama tena mlima. Kisha akamgeukia dereva.

"Kaka, usinifanye mshamba. Huu siyo."

"Siyo nini, mzee?"

"Kilimanjaro una ncha! Huu juu umelala kama ugali uliopakuliwa. Na mnazi uko wapi?"

"Mnazi? Mzee wangu, huku ni migomba na kahawa!"

"Mimi nimesimama pale kwa miguu yangu hii! Mnazi kulia, twiga kushoto. Bado hatujafika."

Walibishana robo saa nzima, bwana ameupa mlima mgongo, anaigonga picha kwa kidole. Mama alibaki dirishani. Mwishowe dereva akachoka, akawasha gari. Wakaenda Moshi mjini, wakapandisha mpaka Marangu, kila wanapopita bwana anachungulia mnazi. Aliwauliza hata akina mama wauza ndizi, wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Saa sita ikawakuta wamesimama barabarani, na mbinguni kote ni mawingu matupu.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Alikumbuka macho ya mama yake, akakumbuka na tiketi za alfajiri. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi la kando ya barabara.

"Mama, nisamehe. Sijawahi kufika huku. Lile lilikuwa pazia la studio. Nimekunyima mlima kwa ajili ya pazia!"

Mama akacheka. "Pazia nalijua tangu siku ulipoleta picha. Pale chini pembeni kinaonekana kiatu cha mtu aliyelishikilia. Ningekuumbua mbele ya wageni wako? Inuka, baba. Mlima nimeuona. Wakati unagombana na dereva, mimi nilikuwa nautazama. Mkubwa, mweupe kileleni, umetulia. Nilikuwa nangoja ugeuke tu, tuutazame wote wawili."

Ndugu zangu, mnacheka? Chekeni, lakini polepole. Sisi nasi tuna picha ya Mungu tuliyoitundika sebuleni, na tumemwekea twiga na mnazi tunavyotaka wenyewe. Tunaomba mwenzi, akija tunasema huyu si yule, hana mnazi. Tunaomba amani nyumbani, Mungu anamleta jirani tuliyenuniana naye aje kutusalimu kwanza, tunasema hapana, amani yangu haiji na sura hii, dereva twende! Tunamsimulia Mungu kwa watu miaka ishirini, na siku akisimama mbele yetu waziwazi, tunamgombeza aliyetuonyesha.

Yule bwana alirudi Tabora. Picha ipo bado ukutani, ila sasa mgeni akimwuliza, "Kumbe Kilimanjaro ulifika?" anainamisha kichwa na kujibu, "Mama ndiye aliyefika. Mimi nilimsindikiza."

Jumapili ngapi tumekuja hapa, wapendwa, kuwasindikiza wenzetu? Leo naomba tugeuke.