Dodoso la Wakubwa

Kuna watu hupenda kuusemea moyo wa mwenzao ilhali hawajamuuliza hata hali. Mtafiti wetu, dada mwenye haraka na asiyekubali kushindwa, nusura awe mmoja wao.

Alikuwa akipima msongo wa mawazo kwa wanafunzi wa kidato cha pili. Mwalimu mkuu alitaka chumba cha ushauri kigeuzwe stoo, na matokeo ya dodoso ndiyo yangeamua, Ijumaa. Lo! Karatasi arobaini zilirudi na majibu yale yale: hakuna mwenye shida.

"Si nilikwambia, binti?" mwalimu mkuu alimcheka. "Hawa wanakula na kulala. Msongo wautoe wapi?"

Mtafiti akaenda darasani, akaketi dawati la nyuma, akaomba aambiwe ukweli.

"Dada, usikasirike," akasema msichana mmoja. "Tulinakili kwa anayeongoza darasa. Unatuuliza kama tunaelewana na bosi, kama mwenye nyumba anatusumbua. Tukajua ni mtihani mgumu."

Mtafiti alitaka kucheka, aibu ikamzuia. Dodoso lilitungwa kwa watu wazima, naye alilibeba zima zima. Zilibaki siku tatu. Angeweza kuandika ripoti akaenda zake, lakini alijifunga kibwebwe. Akafuta bosi, akafuta mwenye nyumba, akawaomba wanafunzi watunge maswali wenyewe. Neno "msongo" hawakulitumia. Wao walisema "kichwa kujaa", naye akaandika hivyo. Juu ya ukurasa akaweka: Huu si mtihani, hakuna jibu la kukosa. Akatenganisha madawati, na Alhamisi wakajaza upya, bila majina.

Ijumaa mwalimu mkuu alipokea matokeo kwa kununa. Safari hii hakuna karatasi mbili zilizofanana. Akasoma swali la saba kwa sauti: "Naogopa kurudi nyumbani na alama tisini." Wanafunzi kumi na tisa walikuwa wamejibu ndiyo.

"Nani wa kuogopa tisini?" akauliza.

"Sijui, Mwalimu. Hawakuandika majina."

Mwalimu mkuu akalisoma tena swali la saba. Binti yake alisoma darasa hilo, na juma lililopita alileta tisini na moja. Baba mtu hakumpongeza. Alimuuliza tu, tisa nyingine ziko wapi? Mtoto akaingia chumbani, naye akadhani amekwenda kusoma. Sasa moyo ulimuuma kweli kweli.

"Chumba kibaki," akasema taratibu, akichukua koti lake. "Na leo natoka mapema. Nina mtu wa kumwomba radhi nyumbani."

Ama kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.