Mkono wa Unga na Bodi ya Wanyama

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa mji, mji ukawa na zizi, zizi likawa na milango miwili. Nikisema wa mbele, nyinyi semeni "wa wageni". Nikisema wa nyuma, semeni "haufunguliwi". Haya. Wa mbele?

"Wa wageni!"

Wa nyuma?

"Haufunguliwi!"

Vyema. Wewe uliyenyoosha miguu, ikunje. Mimi nikisimulia situlii pahali pamoja, nitakukanyaga bure halafu useme bibi mkorofi.

Hapo kale, wala si kale sana, palikuwa na mji ukiitwa Mwambweni. Mji wa punda. Punda wa maji, punda wa mawe, punda wa kuni. Na punda ni punda jamani, kamba ikikatika anaondoka, haagi mtu. Ndipo wenye mji wakajenga zizi. Mnyama akionekana anazurura, askari wa mji humkamata, humtia zizini. Mwenyewe akija, anapewa wake. Siku tatu zikipita hajaja mtu, mnyama anachukuliwa na mchuna ngozi. Siku tatu, basi.

Sasa nani ataangalia kama wanyama hao wanakula, wanakunywa, wanatendewa haki? Mji ukachagua Bodi ya Wanyama, watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Fumo, mwenye koti jeusi na kikohozi cha heshima. Wa pili Bi Kibibi, mwenye daftari. Wa tatu Bwana Mbarake, ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa. Mnacheka nini? Hata hiyo ni kazi, na shingo inauma.

Basi mjini humo alikuwako Bi Mwanamvua, mkaanga mahamri. Mume alikufa, watoto hakujaaliwa, alikuwa na punda. Punda jina lake Tulia. Tulia ndiye aliyembebea maji, Tulia ndiye aliyembebea kuni, Tulia ndiye aliyembebea unga, miaka tisa. Na akilia, mlio wake ulimalizikia kikohozini: hii-haa, hii-haa, kho! Mtaa mzima ulimjua.

Siku moja kamba ikakatika. Bi Mwanamvua kutoka nje, Tulia hayupo. Alizunguka mitaa yote na unga mikononi, anauliza huyu, anauliza yule, mpaka akaambiwa yuko zizini. Akaenda mbio.

Msimamizi wa zizi aliitwa Bwana Shebe. Mtu mnene, mtaratibu, mwenye ng'ombe na punda wake mwenyewe nyumbani, wote wanono, wanang'aa.

"Hodi! Nimemfuata punda wangu."

"Karibu, mama. Leo tumefunga. Njoo kesho."

Siku ya pili akaenda. "Nimemfuata punda wangu."

"Lete shahidi kwamba ni wako. Njoo kesho."

Siku ya tatu akaenda na shahidi, asubuhi mapema, hajanywa hata chai. "Nimemfuata punda wangu."

"Punda gani? Hapa hayupo punda wa namna hiyo."

Na palepale, nyuma ya ukuta, kwa mbali, kwa udhaifu: hii-haa... kho.

Uwiii! Bi Mwanamvua akaunyooshea ukuta kidole. "Yule pale! Yule ndiye Tulia!"

"Huko ni nyuma," Bwana Shebe akasema. Na mlango wa nyuma?

"Haufunguliwi!"

Haufunguliwi. Akamtazama mama wa watu, akaona ungaunga mikononi, akakumbuka jambo. "Leo Bodi inakuja kukagua, na wanapenda mahamri ya moto. Njoo ukaange hapahapa barazani, ukae kimya. Wakishaondoka nitakutazamia huyo punda wako."

Lakini mama alipotoka nje alimkuta mchuna ngozi ameshaketi kivulini, ananoa kisu chake, anangoja Bodi iondoke. Mama akajua. Wakishaondoka hakuna cha kutazamiwa. Akakimbia nyumbani, akachukua unga, akachukua jiko, akachukua karai, akarudi.

Bodi ikaja. Sasa sikilizeni desturi yao, maana kisa chote kimekaa hapo. Bodi ya Mwambweni haikuingia zizini. Zizi linanuka, na koti la Mwenyekiti ni jeusi. Wao waliketi barazani, viti vitatu, chai mkononi, na punda wakapitishwa mbele yao mmojammoja, wanatokea mlango wa kushoto wa baraza, wanaingilia mlango wa kulia. Mwenyekiti anatazama, anasema, "Mzima! Pita!" Bi Kibibi anaandika. Bwana Mbarake anatikisa kichwa. Miaka sita wamekagua hivyo.

Nikiwapa ishara, semeni nami. Bwana Shebe akamtoa punda wa kwanza, mnono, sikio moja limechanika.

"Mzima! Pita!"

Wa pili, mnono, mwenye paji jeupe.

"Mzima! Pita!"

Wa tatu, mnono, mkia mfupi.

"Mzima! Pita!"

Bi Mwanamvua anasukuma unga lakini macho yako mlangoni. Huyu siye. Huyu siye. Huyu naye siye. Hamri la kwanza limeungua. Akatokea wa nne, mnono, sikio limechanika, akasimama mbele ya kibao cha kusukumia, anaunusa unga.

"Hebu nipishe!" Mama kwa hasira akampiga kofi la matako, pwaa! Mkono wenye unga. Punda akaenda zake na vidole vitano vyeupe nyuma.

"Mzima! Pita!"

Paji jeupe likapita, mkia mfupi ukapita. Kisha akatokea punda mwenye sikio lililochanika. Na kwenye matako yake? Vidole vitano!

Mama akamtazama Bwana Shebe. Jasho linamchuruzika, anahema, kanzu imemganda mgongoni. Mbona kumtoa punda mlangoni kumchoshe mtu hivi? Ndipo ikamwingia akilini. Mtu huyu anazunguka nyuma ya baraza! Punda ni watatu tu, tena wa kwake mwenyewe, anawazungusha kama mkufunzi wa gwaride.

Alitaka kupiga kelele. Akajizuia, maana nani atamsikiliza mkaanga mahamri? Akachovya mkono kwenye unga, ukaingia mpaka kwenye kifundo, na sikio lililochanika lilipopita, pwaa! Mikono miwili.

"Mzima! Pita!" akasema Mwenyekiti, lakini safari hii polepole.

Wakapita wenzake. Likarudi lile sikio. Kalamu ya Bi Kibibi ikasimama. "Mwenyekiti, huyu punda..."

"Nimeona, anachafuka tu," Mzee Fumo akasema, akakohoa. "Andika."

Pwaa! Mikono mitatu.

Bwana Mbarake, ambaye tangu azaliwe hajasema neno barazani, akaacha kutikisa kichwa. "Alikuja na mkono mmoja," akasema, "akarudi na miwili, na sasa ana mitatu. Akirudi tena na sisi tutakuwa tumekaa hapa hapa?"

Mafuta yanachemka peke yake karaini.

"Wazee wangu," Bi Mwanamvua akasema, akaondoa karai motoni. "Wazee wangu, samahani. Mmeandika punda kumi. Punda ni watatu, nao ni wa Bwana Shebe. Wa mji wako nyuma ya ukuta. Wangu yuko humo, na yule pale nje ameshanoa kisu. Nawaomba mwinuke."

Bwana Shebe akanyoosha mikono. "Bodi haiendi nyuma! Si utaratibu! Mlango wa nyuma..."

Semeni!

"Haufunguliwi!"

"Leo unafunguliwa," akasema Bi Kibibi, akafunga daftari, pa! "Ufunguo."

Ukafunguliwa. Jamani, sitaki kueleza yote, wengine hapa mmekula sasa hivi. Hori kavu, ina buibui ndani. Pumba zilizotolewa na mji hazipo, na ng'ombe wanono wa Bwana Shebe mnawajua. Punda wanane, mbavu zinahesabika, na pembeni kabisa amelala Tulia.

"Tulia!" Hakuinuka.

"Tulia, mwanangu!" Hakuinuka.

Mama akapiga magoti kwenye uchafu, akamwekea kiganja chenye unga puani. Akangoja. Wote wakangoja, hata mchuna ngozi aliyekuja kuchungulia. Ulimi ukatoka, mkavu, ukalamba kidole kimoja.

"Maji!" Mama akapiga ukelele. "Mmesimama mnatazama nini? Maji!"

Mwenyekiti wa Bodi alitafuta wa kumtuma. Hakuna. Bwana Shebe ameshatoroka, mgongo wake unaonekana mbali. Basi Mzee Fumo, na koti lake jeusi, akashika ndoo. Kisimani, horini. Kisimani, horini. Kisimani, horini. Ndoo ya tatu, Tulia akasimama kwa miguu inayogongana, akanywa, akainua kichwa. Hii-haa... hii-haa... kho! Bi Mwanamvua akalia machozi, na hakuyafuta.

Mwenyekiti akajikung'uta, akatafuta maneno yake ya barazani. "Mama, Shebe ataondolewa. Ametudanganya sana mtu huyu."

"Amewadanganya," mama akasema, "lakini aliyekuwa akisema 'mzima, pita' nani?"

Mzee Fumo akakohoa, wakarudi barazani. Mzee akageuka aende zake, na alipompita mama penye kibao chake, pwaa! Kofi la unga katikati ya mgongo, vidole vitano vyeupe kwenye koti jeusi.

"Bi Mwanamvua! Unanipiga?"

"Nakutia alama, mzee wangu. Mwezi ujao nataka nijue kwamba aliyerudi ni wewe."

Akapita nayo mtaa kwa mtaa mpaka kwake, watu wanatazama. Na mwezi uliofuata Bodi iliingia kwa mlango wa nyuma, wakaweka viti vyao kando ya hori, na chai haikumiminwa mpaka punda wa mwisho aliponyanyua mdomo majini. Mzee Fumo alivaa koti lilelile. Mke wake alitaka kulifua, akakataa.

Hadithi yangu imekunywa maji, imesimama, imejiendea zake. Wa mbele?

"Wa wageni!"

Wa nyuma?

Mbona kimya? Nendeni mkaufungue.