Kifutio cha Wajenzi

Wapendwa, mnisamehe mapema, maana mfano huu nitauharibu. Mke wangu kausikia jikoni asubuhi akasema, "Baba Upendo, huo mwachie mtu anayejua kusimulia." Nikamwambia leo zamu ni yangu, watavumilia.

Palikuwa na mama mmoja mfua nguo, mjane, mwenye watoto na chumba kimoja cha kupanga. Mwenye nyumba akauza. Mwisho wa mwezi kila mpangaji atoke na ndoo yake. Basi katika mji ule kulikuwa na chama cha watu wa ujenzi: wachora ramani, wahandisi, wapima ardhi, mafundi umeme. Wakaazimia kuchora nyumba ambayo mtu kama yule mama angeweza kuilipia polepole, kwa kiasi kile kile anacholipia chumba. Wakamwita mkutanoni aione.

Mama akavaa kanga yake ya sikukuu, akakalia ncha ya kiti kama anayeogopa kukichafua. Ramani ikatandazwa mezani, ya penseli: vyumba viwili, jiko, choo. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Alikwisha kujua kitanda kitakaa wapi.

Hapo ndipo wataalamu walipoanza kumpenda.

Mchoraji akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, nyumba bila kibaraza ni sanduku!" Makofi. Kibaraza kikachorwa. Mhandisi naye: "Nondo nyembamba hivi ni aibu kwa chama. Tuweke za kubeba ghorofa tano!"

"Ghorofa tano za nani, ndugu yangu?" mmoja akauliza.

"Huwezi kujua, Mungu ni mwema!"

Makofi. Fundi umeme akatundika taa mpaka ukuta wa nje. Mpima ardhi akapanua kiwanja, magari yapate pa kugeuzia. Magari ya nani? Msiniulize mimi. Je, palikuwa na mchoyo mle? Hata mmoja! Kila mtu alitoa kilicho bora, ila alikitoa mfukoni mwa mama.

Mwenyekiti akageuka, uso unang'aa. "Haya mama, nyumba yako umeionaje?"

Mama akaitazama sana. "Ni nzuri, baba. Naijua. Humo ndimo ninamofulia watu nguo."

Akainuka, akashukuru, akajifunga kanga vizuri, akaelekea mlangoni.



"Mama, ngoja!" Yule wa kibaraza alikuwa keshafika mezani, kifutio mkononi. Akakifuta kibaraza. "Hiki nilikuwa najichorea mwenyewe," akasema. Kifutio kikaenda kwa mwenzake. Taa zikazimika karatasini. Kiwanja kikanywea. Mhandisi akapunguza nondo, kisha akaudaka mkono wa jirani yake: "Hizi zilizobaki ziache, ukuta usije ukamwangukia." Halafu, bila kuombwa na mtu, mchoraji akasema, "Na malipo yangu ya kuchora, futeni."

"Na yangu ya kusimamia."

"Na yangu."

Mama alisimama pale mlangoni, miguu haiendi mbele wala nyuma. Maisha yake yote ameona wakubwa wakigombea viti vya mbele. Hajapata kuwaona wamepanga foleni ili wapungue. Akavua kandambili zake polepole, kama mtu aliyejikuta pahali patakatifu.

"Mama," mwenyekiti akauliza, sauti imemshuka, "kuna kilichobaki cha kufuta?"

"Hakuna, baba. Ila... miti miwili ya kamba ya kuanikia nguo. Kama si dhambi."

Penseli zote za ukumbi zikainuka.

Na sisi je? Tuna umoja wa akina mama, umoja wa vijana, kamati ya ujenzi, na kamati ya kuikagua kamati ya ujenzi. Mwenye shida akitujia, tunampenda kwa kuongeza: sare, keki, hotuba, mgeni rasmi, mpaka msaada wenyewe unamwelemea. Mungu katukusanyia ujuzi wote huu mahali pamoja ili tupigiane makofi? Ni lini umoja wetu hata mmoja ulishika kifutio?

Tuanze leo. Tunayo ramani moja, imebandikwa pale mlangoni: nyumba ya mchungaji. Nimeitafakari kwa maombi. Ina roshani mbili. Wazee wa kanisa, msiinamishe vichwa, ninyi hamna kosa. Nilizichora mimi mchungaji wenu, nipate pa kuwapungia mkono.

Nani kaja na kifutio?