Kumbe Akiba Ndiyo Tunayoila

Wapendwa, mfano huu nilipouwaza ulinishtua mimi mwenyewe, maana nilijiona ndani yake.

Kulikuwa na ofisi moja ya mahakama. Kila karatasi iliyochapwa pale ilipitia kwanza kwenye kompyuta moja iliyozigawia printa kazi. Mafundi huiita seva. Mkuu wa ofisi akasema, "Hii ikifa, tutaumbuka." Wakanunua ya pili. Fundi akaziunganisha: moja ikizima, nyingine inashika kazi palepale, hata hujui. Jamani, walifurahi! Walipiga na picha nazo. Tangu hapo ukiuliza unaambiwa, "Ondoa shaka, tunayo ya akiba."

Basi, Ijumaa moja ya Oktoba hakimu akamwachia huru bwana mmoja aliyekaa mahabusu miaka miwili. Siku hiyohiyo, saa kumi, mama yake alikuwa anazikwa. Gereza lilitaka hati iliyochapwa na kugongwa muhuri kabla ya saa tisa. Ya kuandika kwa mkono hawapokei. Mdogo wake bwana huyo yuko dirishani, anasubiri. Karani akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Vumilia kidogo, kaka yangu," karani akamwambia, wala hana hofu. "Ya akiba itashika sasa hivi."

Ikafika saa saba, ikafika saa nane. Wakamwita fundi. Akaingia chumba cha mitambo, akafunua vitambaa vya kufuma walivyozifunikia seva zisiingie vumbi. Akajishika kichwa.

"Mungu wangu! Ya kwanza ilikufa tangu Februari. Taa nyekundu si hii hapa?"

"Haiwezekani!" mkuu akasema. "Tumechapa kila siku!"

"Mlichapa kwa ya akiba, mzee. Na ndiyo imekufa leo."

Mnasikia, wapendwa? Miezi minane wanajivunia akiba, kumbe ndiyo wanayoila! Na hakuna hata mmoja aliyefunua kitambaa. Saa tisa ikapita. Yule mdogo mtu akatoka nje na simu sikioni, akasema, "Msimsubiri kaka. Mzikeni mama." Kaka alitoka Jumatatu, akapelekwa moja kwa moja kaburini.

Tumlaumu nani? Karani? Mkuu? Ngoja kwanza. Sisi je? Si ndio sisi tunaosema, "Nitapatana na baba Krismasi"? "Pombe nitaacha mwakani"? "Mungu ni wa rehema, nafasi nyingine ipo"? Ndugu yangu, nani kakuambia kwamba hii siyo hiyo nafasi nyingine? Siku ile ulipozinduka hospitali, daktari mwenyewe akashangaa. Siku ile mkeo alipofungasha, kisha akarudi. Nafasi ya kwanza iliishia pale! Hii unayoitumia asubuhi ya leo, ukiwa umekaa kwenye benchi hilo, ni ya pili, na nyuma yake sijui kama kuna kitu.

Kuna mtu umemkumbuka sasa hivi, ninapoongea. Usisubiri nimalize ibada. Toka nje, mpigie.