Mabuti Mawili ya Kushoto

Soma mpaka chini ndipo uwatumie wenzako, maana nawajua mnavyopenda kusambaza vitu mlivyosoma nusu.

Alikuwepo fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, Sengondo wa Handeni. Mikono ya dhahabu, mdomo wa tarumbeta. Siku alipoitwa kazini kwenye bwawa la umeme, safari ya ndege, mtaa mzima ulijua kabla hajamaliza kusoma ujumbe.

Mama yake, Bi Mwantumu, akayachukua mabuti ya kazi ya mwanawe, yale yenye chuma mbele ya vidole. Akapitisha sindano mara saba kwenye ulimi wa kila buti, akaacha uzi mwekundu.

"Mama! Haya ni mabuti, si foronya za bibi harusi!"

"Mabuti ya mafundi yamefanana kama mayai, mwanangu. Weka alama."

Sengondo akasafiri ameyavaa. Alisema begi limezidi uzito, lakini sisi tunajuana: alitaka aonekane. Uwanja wa ndege akaona watu wamenyooka kwa suti, haya ikamshika. Akainama, akachomoa uzi wa buti la kulia. Kabla hajagusa la kushoto, askari akaita:

"Wewe wa mabuti, pita!"

Akapita. Mashine ikalia.

"Vua, kaka."

Akavua. Soksi ina tundu, kidole gumba kinachungulia abiria. Kwenye trei ya jirani kulikuwa na mabuti mengine kama yale yale. Mara likasikika tangazo la mwisho. Sengondo akakwapua mawili, akakimbia na soksi.

Ndani ya ndege ndipo mguu wa kulia ulipogoma. Yote mawili ya kushoto! Angeuliza tu humo humo. Lakini bingwa wa Handeni asimame mbele ya watu atangaze kioja kile? Akaificha miguu chini ya kiti.

Asubuhi akafika kwenye geti la bwawa, anachechemea. Amri ilikuwa moja: bila mabuti huingii, na nafasi yako anapewa mwingine. Nje walikuwa wanaume kibao wakisubiri hiyo nafasi.

Mlinzi akamtazama. "Hiyo miguu inakwenda wapi?"

"Kazini."

"Mbona naona yote inakwenda kushoto? Kaa pembeni."

Sengondo akakaa, tarumbeta imeziba. Atarudi Handeni aseme nini?

Mara akaja mkubwa wa kazi, Mhandisi Kihwele, kwa kandambili, mkononi ana mabuti mawili ya kulia. Mlinzi akamzuia naye.

"Samahani mzee. Amri ni yako mwenyewe."

Mhandisi akageukia watu. "Jana uwanja wa ndege nilibeba buti la mtu. La nani hili?"

"Langu!" wakajibu wanaume sita waliokuwa pekupeku.

Akalificha mgongoni. "Lina alama gani?"

"Soli imeliwa!"

"Limechunika kisigino!"

"Hayo ni mabuti yote duniani," akasema Mhandisi.

Sengondo akajikokota mbele. Jasho linamtoka.

"Lina matundu saba ya sindano kwenye ulimi. Mama alinishonea uzi mwekundu."

Geti zima likaangua kicheko.

"Na uzi uko wapi?"

"Niliuchomoa, mzee. Niliona haya."

Akapandisha suruali. Kwenye moja ya yale mabuti ya kushoto, uzi ukang'aa kama pilipili. Mhandisi akapapasa ulimi wa lile buti lisilo lake, akahesabu kwa kidole. Saba.

Wakabadilishana pale pale, mkubwa na fundi, kila mmoja kasimama kwa mguu mmoja, wameshikana mabega. Sengondo akaingia kazini, kifua mbele, tarumbeta imezibuka.

"Sengondo!" Mhandisi akamwita. "Likizo ukienda nyumbani, haya yangu mpelekee mama ayatie uzi."

Funzo: Alama uliyowekewa na anayekupenda usiifute kwa kuwaonea haya watu usiowajua, maana siku utakapopotelewa, wao watakuwa wameshapanda ndege zao, na hiyo alama ndiyo itakayokuita kwa jina.